Salamu za Diwali, Mwaka wa Kwanza Bila Baba

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wetu wa Tanga na popote mlipo, nawasalimu. Kwa niaba ya Mama na familia nzima nawatakia heri ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, na baraka za mwaka wetu mpya. Mungu awajaalie afya, riziki na amani majumbani mwenu. Salamu hizi Baba ndiye aliyekuwa akizituma. Mwaka huu Mama kaniambia, "Andika wewe," basi nazituma mimi.

Nyumba yetu haikupakwa rangi, na mlangoni hapatachorwa kitu. Jikoni hakuna ladu wala chevda. Kwetu ni msiba, lakini hata nyumba zisizo na msiba mwaka huu zinabana: sukari imepanda, samli haishikiki, na Jumamosi sokoni nilimwona mama mmoja akirudisha dumu la mafuta, akachukua chupa. Juzi jirani yetu wa mkabala, aliyemwita Baba kaka tangu wakiwa watoto, kaleta sahani ya visheti iliyofunikwa kawa. Akaiweka mezani, akakaa na Mama kimya mpaka adhana ya magharibi, kisha akaenda zake.

Septemba, siku za shraadh, za kuwakumbuka wafu wetu, tulipeleka majivu ya Baba Gujarat, India. Babu alitoka Porbandar, bandari ya hukohuko, kwa jahazi, na kaskazi ndiyo iliyomleta. Baba alizaliwa hapa, na hakujaaliwa kufika hekalu la Somnath la huko, ingawa picha ya hekalu lile imening'inia dukani juu ya droo ya pesa maisha yangu yote. Pale Triveni, inapokutana mito ya Hiran, Kapila na Saraswati karibu na bahari, nilimimina majivu mwenyewe, Mama kanishika kiwiko.

Kisha tukaingia hekaluni. Ukishaacha viatu na simu nje, unabaki na mikono mitupu na mvumo wa mawimbi. Upande wa bahari pana nguzo yenye mshale unaoelekea kusini, na maandishi yake yanasema kwamba njia hiyo haikatizwi na nchi kavu mpaka ncha ya dunia. Nikasimama chini yake nikageuza uso. Tanga iko kuume kwa mshale.

Baada ya aarti, ibada ya taa, mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alianza kumsimulia Mama habari za Chandra, mungu wa mwezi. Mama anaijua hadithi hiyo tangu utotoni, lakini alimwacha aimalize.

Chandra alioa mabinti 27 wa Daksha, akampenda Rohini peke yake. Wale wengine wakaenda kulia kwa baba yao. Daksha akamwonya mkwewe, hakusikia. Akamlaani akonde mpaka aishe. Chandra akawa anapungua usiku baada ya usiku, hata mimea ikaanza kunyauka. Mungu Brahma akamwelekeza Prabhas, pwani ileile tuliyokaa, aoge na kumwomba mungu Shiva. Akaomba sana. Lakini laana haikufutwa. Shiva alimpunguzia tu: nusu ya mwezi akonde, nusu anenepe. Kwa shukrani Chandra akajenga hekalu la dhahabu. Baadaye mfalme Ravana akalijenga kwa fedha, mungu Krishna kwa msandali, na mfalme Bhimdev kwa mawe.

Siku zote niliichukua hadithi hii kuwa ya kupona. Safari hii niliposikia neno "akonde" nilimwona Baba. Mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu matano. Mwezi wa pili nilitoboa la sita kwa msumari wa moto, mwezi wa tatu la saba. Kila nikimrudishia aliufunga mwenyewe, akaupapasa, akasema, "Bado ngozi ipo." Nilitoka nje ya hekalu nikalia, na Mama hakunifuata, akaniacha nilie.

Diwali inaangukia usiku mwezi umekufa kabisa. Wavuvi wa kwetu wanazijua siku hizo kwa jina jingine: ni bamvua, maji yanapojaa mpaka juu.

Hekalu lenyewe limepungua na kujaa. Sultani Mahmud wa Ghazni alilivamia mwaka 1026. Likajengwa, likavunjwa tena, likajengwa. Hili la sasa Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, aliliahidi Novemba 1947, akafariki Desemba 1950 bila kuliona likifunguliwa. Rais wa India, Rajendra Prasad, aliliweka wakfu tarehe 11 Mei 1951. Hayo watoto wanafundishwa. Lakini mwaka 1264 nahodha Mwislamu wa Hormuz, Ghuba ya Uajemi, jina lake Nuruddin Firuz, alijenga msikiti mji huohuo wa Somnath kwa ridhaa ya wakuu wa mji, Wahindu. Jambo hilo liliandikwa kwenye jiwe, kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu.

Ndugu zangu, tusiwafundishe watoto kuvunjwa peke yake, tuwafundishe na jiwe hilo. Tuwatembelee wagonjwa wangali wanatutambua, tusingoje matanga ndipo tukutane. Mwenye duka asifiche sukari akingoja ipande. Mwenye deni asikwepe njia ya anayemdai, na anayedai asimwaibishe mwenziwe mbele za watu. Ukiwasha taa kwako na jirani yako yuko gizani, hujawasha kitu.

Kuhusu madeni, nina neno la Mama. Daftari la mikopo la dukani lina mwandiko wa Baba hadi tarehe 9 Aprili. Kuanzia hapo ni wangu. Mama amelisoma ukurasa kwa ukurasa, na ameamua kwamba madeni ya unga, sabuni na mafuta ya taa aliyoyaandika Baba kwa mkono wake hayatahamishiwa daftari jipya. Pesa hizo msizilete. Njooni wenyewe. Jioni ya chopda pujan, ibada ya kubariki madaftari mapya siku ya Diwali, nitaandika Shri, neno la baraka, kwenye ukurasa wa kwanza kwa kalamu yake, na mlango utakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili. Chai ipo, na visheti vya jirani bado vimebaki.

Heri ya Diwali. Saal Mubarak.