Barua kwa mwanangu anayekwenda Dodoma

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Sisi hapa Muheza wazima, ila goti la shangazi yako linamsumbua tangu masika yaanze.

Simu ya jana ilikatika sijamaliza, na usingizi sikuupata. Ulikuwa unanieleza lile dodoso la kupima sonona, ile huzuni inayogeuka ugonjwa, la maswali 9, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27, na kwamba mtu akifikisha kiasi fulani unajua la kumfanyia. Ulilisema kwa furaha sana, na furaha hiyo ndiyo iliyonikesha. Jumatatu unaanza kazi ya ushauri nasaha, utaketi na mtu aliyekuja na maneno yake, si alama. Hapa kwetu sijasikia mtu akisema ana sonona. Husema ana mawazo, moyo unamwenda mbio, kichwa kimejaa. Ukimrukia na neno la chuoni kabla hujalisikia lake, atakuitikia "ndiyo, daktari", na hatarudi.

Usiniambie haya hayanihusu. Habari za Dk. Dixon Chibanda wa Harare uliniletea wewe mwenyewe, yule aliyeanza mwaka 2006 na kina bibi 14, wakaketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Kina bibi wakamwambia hakuna atakayelikalia, liitwe la urafiki, na daktari bingwa mzima akawasikiliza. Hata wao wana maswali yao, 14, sikatai. Lakini wakishauliza, mgonjwa hutaja shida zake, kisha anachagua mwenyewe waanze na ipi. Mmoja ataanza na kodi ya nyumba, mwingine na mumewe. Bibi hamchagulii. Wewe, nikujuavyo, utamchagulia. Tangu mdogo unawamalizia wenzako sentensi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya reli alikuja hapa baada ya msiba wa kijana wake wa bodaboda. Akazungumza bei ya machungwa na jinsi madalali wanavyowapunja, nusu saa nzima. Nikamwacha. Chai ya maziwa ikapoa mpaka ikafanya utando. Alipoinuka, ameshika mgongo wa kiti, akasema, "Mwalimu, silali." Akaketi tena. Hebu niambie, wewe ungemtolea karatasi yako saa ngapi?

Nimefundisha miaka 31, na fimbo yangu ilikuwa ileile kwa mvivu na kwa aliyelala njaa. Na mwaka ule wa mama yako nilikwambia jikaze. Kaka yako nilimwambia neno hilohilo, naye likamfaa, akashika jembe. Ndipo nikadhani ni dawa. Wewe ulinyamaza mpaka shule zilipofunguliwa, nami nikawaambia watu una adabu.

Sokoni nimeshamwambia kila mtu kwamba binti yangu ni mshauri nasaha, hata wasioniuliza. Lakini ile michungwa sikuiuza ili kila anayeingia kwako atoke na ushauri mmoja. Anayezungumza kwa kuzunguka, zunguka naye. Anayenyamaza, usikijaze kimya chake. Kuna atakayetaka kuingia na mama yake, na kuna ambaye hatapenda hata jina lake liitwe kwenye foleni. Waulize. Na ulilomwambia lisipomfaa, badili wewe, usiandike kwamba mgonjwa hashauriki. Hilo nakuomba sana.

Kiroba cha machungwa kinakuja na basi la Ijumaa. Ya juu yameiva, yale kwanza. Humo nimeweka na blanketi la mama yako, maana Dodoma Juni na Julai usiku kuna baridi. Fundi anasema paa la jikoni linataka mabati 4. Kaka yako ameahidi 2, kwa hiyo wewe usitume hela mpaka upate mshahara wa kwanza. Simu yangu spika inakoroma, ukipiga sema polepole.

Jumatatu jioni nipigie. Usinitajie mtu wala siri yake. Niambie tu ulinyamaza kwa muda gani.

Ni mimi,
Baba yako