YAH: Proksi inayokata miunganisho ya RabbitMQ

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tunalalamikia proksi ya HAProxy (programu inayopokea miunganisho na kuipitisha kwa seva) mliyoiweka mbele ya seva zetu tatu za RabbitMQ, yaani programu ya foleni za ujumbe. Foleni ikitulia kidogo tu, miunganisho inakatika. Kosa liko kwenye faili lenu la mipangilio, si kwenye programu zetu.

Mmeandika `timeout client 50s` na `timeout server 50s`, yaani muunganisho ukikaa kimya sekunde 50 ukatwe. Hiyo inafaa tovuti, ambako mtu akishahudumiwa anaondoka. Mpokeaji wa AMQP (itifaki ya RabbitMQ) hukaa kwenye poti 5672 kutwa, ujumbe uwepo usiwepo, na ukikosekana, dalili pekee kwamba yu hai ni mapigo (heartbeat), ishara fupi zinazotumwa kila baada ya muda. Nayo mapigo mmeyapanga sekunde 120. RabbitMQ hutuma pigo kila nusu ya muda huo, yaani sekunde 60, wakati proksi imeshakata kwenye sekunde ya 50! Logi zenu zinasema hivyohivyo: muda wa milisekunde 50,000 na kitu, kisha alama `cD`, yaani upande wa mteja (programu inayounganisha) ulikaa kimya hadi muda ukaisha.

Hasara haiishii kwenye kuunganisha upya. Ujumbe ambao haujathibitishwa hurudi kwenye foleni na kutolewa tena, hivyo kazi ya malipo inayozidi sekunde 50 inaweza kufanyika mara mbili. Fundi wenu alijibu tiketi kwa kutushauri tuongeze majaribio ya kuunganisha. Huko ni kukinga ndoo badala ya kuziba bati.

Tulipoomba anwani halisi za wateja zionekane, akaongeza `send-proxy-v2`, inayotanguliza kichwa chenye anwani ya mteja, kwenye mistari ya seva bila kuweka `proxy_protocol = true`, inayokisoma kichwa hicho, kwenye RabbitMQ. Seva zikapokea kichwa zisichokijua, zikafunga kila muunganisho kwa `bad_header`. Viwili hivyo huwashwa pamoja. Na vikishawashwa, programu inayoingia bila kupitia proksi hukataliwa, kwa hiyo tupewe taarifa kabla.

Ndani ya siku saba tunataka `timeout` zote mbili ziwe `3m`, mapigo yashuke hadi sekunde 30, `mode tcp` (kupitisha muunganisho kama ulivyo) isiguswe, na ada ya mwezi huu irudishwe. Tutamwacha mpokeaji mmoja saa nzima bila ujumbe. Muunganisho ukibaki uleule, fungeni tiketi.

Timu ya Mifumo