Oili chafu si dawa ya bampa iliyopauka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaoosha magari jijini Nairobi, pamoja na sisi madereva tunaochukua magari yetu bila kuuliza yamepakwa nini.

Mimi ni dereva wa teksi Buruburu, mwaka wa 15 sasa. Gari langu hushinda juani. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na ikweta, na jua hilo ndilo lililoila bampa yangu ya plastiki nyeusi hadi ikafanana na jivu.

Aprili nililipeleka gari kuoshwa mahali. Niliporudi nilikuta bampa nyeusi ti, nikafurahi, nikamwongeza kijana shilingi 50. Jioni mvua ikanyesha, michirizi myeusi ikateremka milangoni. Niliponusa nikajua: oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa injini. Walikuwa wameipaka hata raba za milango. Raba nyingi hunywa mafuta ya namna hiyo zikafura na kulegea, na zangu zilifanya hivyo hivyo. Maji yakawa yanaingia miguuni pa abiria wa nyuma, mpaka nikanunua nyingine Kirinyaga Road.

Kilichonitia hofu zaidi ni pedali. Nazo zilikuwa zimeng'arishwa! Kwenye Jogoo Road mguu wangu uliteleza juu ya breki, na nyuma nilikuwa nimembeba mama na mtoto wake. Jamani, pedali, usukani na sehemu ya tairi inayokanyaga lami havipakwi kitu. Tairi hupakwa ubavuni tu, na mara nyingi hata hapo sabuni na brashi zinatosha, kwa kuwa weusi wake ni masizi yaliyochanganywa na mpira tangu kiwandani.

Bampa mimi huisugua mpaka povu litoke jeupe, nikaiacha ikauke kabisa. Kisha napaka mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yale ya maseremala, kidogo sana kwa kitambaa. Najaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Baada ya dakika 15 nafuta yaliyobaki juu. Yakikauka hushika, hayachuruziki. Michubuko mirefu hayaiondoi, ila huififisha.

Lakini kitambaa hicho usikifinyange ukakitupa kwenye buti. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Changu hukitandaza nje juu ya saruji mpaka kikakamae.

Siwalaumu vijana. Oili chafu wanaipata bure gereji, na mteja anataka kuona gari linang'aa. Ninaloomba kwa wenye biashara ni bango dogo ukutani: hapa tunapaka kitu fulani, na pedali hatuzigusi. Nitakapoliona, gari langu nitalileta hapo kila Jumamosi.

Dereva wa teksi,
Buruburu, Nairobi