Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kumihimo (Usukaji wa Kamba wa Kijapani)

Ndugu wanachama,

Jambo kubwa la mwaka huu mnalijua: tumeweka kando visahani vya sponji na kuhamia kwenye marudai, kile kigoda cha mti cha kusukia chenye uso wa duara na tundu katikati. Ubishi ulikuwa mkali. Kisahani ni rahisi, mtu anasukia hata kwenye treni, na wala sina ugomvi nacho. Ila pale uzi hushikwa na ufa wa sponji; kwenye marudai hakuna kinachoushika isipokuwa uzito.

Hapo ndipo wengi tulipokwama. Kila fungu la hariri huzungushiwa tama, kipande cha mti kilichotiwa risasi ndani, na katikati, chini ya tundu, huning'inia mfuko wa vizito. Tama nane za gramu 100 zinataka mfuko wa gramu 400 hivi, yaani nusu ya jumla. Ukizidisha mfuko, kamba inalegea. Ukiupunguza, inakakamaa kama fimbo. Kamba nyingi za mwanzo zilikuwa fimbo. Sasa wapo wanaotoa bila aibu obijime, kamba ya kufungwa juu ya obi, ule mshipi mpana wa kimono.

Safari ya Iga, mkoani Mie, Japani, iliwafungua macho hata wabishi. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi za Meiji ilipowakataza raia kutembea na upanga, kamba za panga zilikosa wanunuzi, na wasukaji wakaegemea soko la kimono. Iga yenyewe ilifufuka mwaka 1902, Hirosawa Tokusaburo alipofungua karakana baada ya kujifunza kazi Tokyo. Kule tuliona takadai ikifanya kazi: msukaji anakaa ndani ya fremu, anapitisha nyuzi, kisha anazikaza kwa upanga wa mwanzi uitwao hera. Mlio wake tuliusikia tukiwa bado nje.

Hesabu ataisoma mweka hazina. Niseme tu kwamba hariri ndiyo iliyotutoboa mfuko, na nyingine imeishia kwenye mafundo ya wanaoanza. Kwa hiyo kamati inapendekeza mwanachama mpya aanze na pamba mpaka mkono utulie. Pia inapendekeza tutafute takadai iliyokwisha kutumika badala ya mpya. Wanaotaka mpya watapewa nafasi ya kusema, ila waje na bei mkononi.

Kura zitapigwa baada ya chai. Ambao hawajalipa ada, katibu yuko mlangoni.

Mwenyekiti