Kwa mwanangu, uliyemaliza darasa la kwanza

Mwanangu mpenzi,

Umelala na ushungi wa shule kichwani, maana jioni yote umekataa kuuvua. Leo mmefunga shule. Ripoti yako iko hapa kwenye meza ya cherehani, nimeibana kwa mkasi feni isiipeperushe. Pembeni yake kuna daftari lako la kuandikia la Januari, lile la Novemba, na daftari langu la vipimo. Nimeyakodolea macho tangu Isha. Barua hii huwezi kuimaliza mwenyewe kwa sasa. Utasoma utakapofika, panapobaki utaniita, na miaka ikienda utairudia peke yako.

Nianze na ninachokijua, yaani futikamba. Kila Desemba nakupima kwa ajili ya sare mpya. Mwaka jana sketi yako ilikuwa na urefu wa inchi 17, juzi nimepata 19. Bega limeongezeka nusu inchi. Kiuno kiko palepale, 21. Mtoto ndivyo anavyokua: mwaka huu miguu inatangulia, mwakani mabega yanafuata. Ndiyo maana fundi anaandika kila kipimo kwenye mstari wake. Sijapata kuona fundi akijumlisha bega, kiuno na urefu, akagawa kwa tatu, kisha akamkatia mtu nguo kwa huo wastani. Nguo hiyo haivaliki.

Ripoti yako lakini imefanya hivyohivyo. Chini kabisa imeandikwa: wa 52 kati ya 88. Anajitahidi, aongeze bidii.

Nina deni kwako la mwezi wa Juni, na nataka nilikiri kwa maandishi. Ripoti ya nusu mwaka ilisema wa 64. Niliisoma kwa sauti hapa barazani, wateja wawili wamekaa, nikakuuliza mbona mtoto wa nyumba ya pili ni wa 9, kwani yeye anakula nini. Hukunijibu. Ulikwenda uani ukakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Siku kadhaa baadaye nilikuwa natafuta kipande cha bitana kwenye gunia la vitambaa, nikakutana na daftari lako la imla, umelificha huko chini. Kwenye ukurasa palikuwa na 2 ya 10 kwa kalamu nyekundu, na neno moja umelifuta kwa mate mpaka karatasi imetoboka. Nililishika lile tundu kwa kidole. Mwanangu, nisamehe. Wewe ulikuwa unapambana na neno, mimi nikakupambanisha na mtoto wa watu.

Kesho yake nilikwenda kumwona mwalimu wako. Sikwenda kwa ugomvi. Watoto 88 chumba kimoja, na bado ana utaratibu wa kuwasikiliza watano watano kila siku wakisoma mmoja mmoja, ili kila mtoto afikiwe. Nilimuuliza, "Mwanangu ni mzito?" Akasema, "Mama, mzito ni neno la mizigo. Njoo umsikilize." Akakuita, akakupa karatasi ya silabi. Ba, be, bi, bo, bu ulizisoma kama maji. Ma, me, mi vilevile. Ilipofika mba ukasimama. Nda, ukasimama. Ng'o ndiyo hukuigusa kabisa. Pale ndipo niliposhika: hukuwa umeshindwa kusoma, ulikuwa umefika mahali fulani, na mahali hapo pana jina.

Mwalimu akanieleza kuhusu Uwezo, wale walioanza mwaka 2009 na 2010 kupita majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kupima kama watoto wanasoma. Hawamuulizi mtoto amekuwa wa ngapi. Wanampa silabi, akiziweza wanampa maneno, kisha aya, kisha hadithi, na wanaandika alipoishia. Nilikipenda kipimo hicho papo hapo, kwa sababu ni kama changu: unamshika mtoto mwenyewe, unaweka futikamba mwilini mwake.

Tukaanza Jumapili zetu. Unakumbuka? Sikuwa na vitabu vya hadithi, nilikuwa na kanga. Kila kanga iliyoletwa kupindwa, kabla sijaitia kwenye cherehani, ulisoma jina lake. Ya kwanza ilikuwa WEMA HAUOZI. "Wema" ulilitoa vizuri. "Hauozi" likakutoa jasho, irabu tatu zimefuatana, ukasema "hazi", ukasema "haozi", ukaweka kidole kwenye kila herufi: ha, u, o, zi. Ulipolipata uliruka mpaka ukapindua kopo la vifungo. Mwenye kanga alipokuja kuichukua ulimsomea jina la kanga yake mwenyewe, naye akakaa chini akakusikiliza kama anasikia habari mpya.

Basi ngoja nikuandikie vipimo vyako vya mwaka huu, kila kimoja kwenye mstari wake.

Januari ulikuwa unajua irabu na herufi za jina lako. Juni ulikuwa kwenye silabi. Novemba umesoma aya nzima ya mistari minne bila kusaidiwa, na ulipomaliza nilikuuliza mbuzi alikwenda wapi, ukanijibu. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko kusoma kwenyewe, kwa sababu zamani ulikuwa ukifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea. Kwa saa ya simu yangu, Agosti ulisoma maneno 9 kwa dakika moja. Wiki iliyopita, 31. Imla kutoka 2 mpaka 7. Mwandiko wa Januari ulikuwa unapanda mlima kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Wa Novemba umekaa juu ya mstari, isipokuwa herufi g, ambayo bado inaning'inia hewani. B na d zimekwisha kukuchanganya, na najua hivyo kwa sababu nilikusikia ukimwambia mdogo wako: "B tumbo liko mbele, d tumbo liko nyuma." Hilo halimo kwenye ripoti. Nimelinakili kwenye daftari langu.

Kutoa bado. Tisa toa nne unaiweza. Kumi na tano toa nane unahesabu vidole, vidole vikiisha unanitazama mimi. Hapa hujakua sana mwaka huu, na sitaki nikufiche, kama nisivyoweza kumwambia mteja kwamba kiuno chake kimepungua wakati hakijapungua. Ila juzi nilikuomba vifungo vya mashati matatu, saba saba, ukavipanga mafungu matatu sakafuni ukaniletea 21 bila kukosea. Kuzidisha hujafundishwa. Kwa hiyo namba zimo, zinatafuta njia. Likizo hii tutatumia vifungo, dazeni mbili, na tutakuwa tunatoa badala ya kujumlisha.

Lakini kwa nini basi kutoka 64 umefika 52 tu? Nimelifikiria hili sana, maana naogopa siku moja litakuumiza. Wale wengine 87 nao hawakulala. Nao walikuwa na Jumapili zao. Darasa zima likipanda pamoja, mtoto anaweza kupanda kutwa nzima na namba yake isisogee sana. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili wanajikita kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na mimi nasema waliopanga hivyo walifanya vizuri. Mwakani upo upimaji wa KKK, na darasa la nne upo wa kitaifa. Alama naziheshimu, mwanangu. Hiyo 7 ya imla ni yako, umeitolea jasho. Namba ya 52 ndiyo inayonishinda, kwa sababu ukiitazama huwezi kujua ni mba au ni kumi na tano toa nane, na mimi siwezi kujua nikusaidie wapi.

Leo kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alimfinya mwanawe sikio mbele yetu, ripoti bado iko mkononi. Mtoto alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitamani kusema, nikajiona mimi mwenyewe wa Juni. Nilipotoka nje nilimfuata, nikamwomba aje na yule mtoto Jumapili. Sijui kama atakuja. Akija, utampa kanga yenye jina fupi asome kwanza, yenye neno la irabu tatu kama "hauozi" uiweke baadaye.

Sare nyingi za watu zinanisubiri, za Januari hazina subira. Yako nimeishona kwanza. Sketi nimeipa pindo la vidole vinne, miguu yako naijua. Na kwenye daftari la vipimo, chini ya inchi zako, nimeacha nusu ukurasa. Kesho andika mwenyewe jambo moja unaloliweza leo ambalo Januari ulikuwa huliwezi. Penseli iko ndani ya kopo la vifungo, nimeichonga.

Mama yako