Namba iliyo kwenye kitako cha chupa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mafuta ya viwandani yanayopikwa kutokana na plastiki na matairi chakavu niliifurahia, isipokuwa pale mliposema plastiki ya aina yoyote inafaa. Nimefanya kazi hiyo miaka saba, nikipika mafuta ya kulisha boila la kiwanda. Si ya aina yoyote.

Hatuchomi taka. Tunazifungia ndani ya chombo cha chuma kisichoingiza hewa, tunazipasha hadi nyuzi 400 au 500 za Selsiasi, zinageuka mvuke, na mvuke ukipita kwenye mabomba ya kupoozea unakuwa mafuta. Gesi inayobaki bila kugeuka mafuta tunairudisha kuwa moto wa kupikia. Tairi hutoa mafuta yasiyofika nusu ya uzito wake. Kingine ni masizi na nyaya za chuma. Mifuko na madumu hutoa zaidi.

Chupa za maji ni jambo jingine. Zenyewe hutoa asidi inayoganda kama unga. Usiku mmoja magunia machache ya chupa yalipita bila kuchambuliwa. Bomba likaziba, mshale wa presha ukapanda, tukazima moto na kutoka nje mbio. Tulipolifungua kesho yake, baada ya chombo kupoa kabisa, ndani lilikuwa limejaa kitu kama chokaa. Vipande vya mabomba ya PVC, yale ya plastiki ngumu, vikiingia kwenye taka ni vibaya kuliko chupa hizo: klorini iliyomo hugeuka asidi kali inayokula chuma, na mafuta yake yakiungua vibaya huweza kutoa dioksini, sumu ambayo mwili huitunza kwa miaka.

Kinga yake haihitaji mtambo mpya. Vyombo vingi vya plastiki vina namba ndani ya pembetatu, kwenye kitako. 2, 4 na 5 ziingie, 6 pia. 1, ndiyo chupa za maji, na 3, ndiyo PVC, ziwekwe kando. Isiyo na namba, na isiyojulikana, isiingie.

Lakini nani anasoma namba hizo? Pale kwetu wachambuaji, wengi wao akina mama, walilipwa kwa kilo. Mtu anayelipwa kwa kilo, kila chupa anayoitoa kwenye gunia anaitoa kwenye mfuko wake mwenyewe. Nilimwambia meneja mara mbili kwamba walipwe kwa siku, wapewe glavu na taa ya kutosha, wahesabiwe mafundi kama sisi tunaoshika valvu. Alinijibu kwamba kuchambua ni kazi ya vibarua. Mimi nasema usalama wangu wote ulikuwa mikononi mwa vibarua hao.

Naomba, Mhariri, mchapishe picha ya pembetatu mbili, yenye 1 na yenye 3, kubwa kiasi cha kiganja, ili mchambuaji aikate na kuibandika juu ya meza yake.

Fundi wa boila