Usinunue kompyuta nyingine kwanza

Festo kaka, vipi Makambako, baridi inasemaje?

Voisi yako nimeisikiliza yote, zile dakika sita, ingawa dakika mbili nzima ilikuwa printa inalia nyuma yako. Nimeona nikikujibu kwa voisi utasahau nusu, kwahiyo naandika, soma ukiwa umekaa mbele ya hiyo mashine yako, ujaribu kimoja kimoja.

Kwanza hiyo laki sita ya kununulia kompyuta nyingine rudisha mfukoni. Unasema kompyuta ya steshenari yako ina RAM GB 4 (memori ya kufanyia kazi) ndo maana inaganda mteja akiwa anasubiri fomu yake ya mkopo, sasa nikwambie mimi hapa Msamvu Morogoro steshenari kwangu ninayo ya RAM hiyo hiyo mwaka wa 5 huu na msimu wa maombi ya vyuo foleni inafika barabarani. Shida yako niliiona ile siku uliponitumia picha ya skrini, umefungua tabu kama 30 hivi, zimebanana hadi majina hayasomeki (na waliosema ziitwe tabu walijua wanachosema). Bonyeza Shift na Esc kwa pamoja ukiwa ndani ya brauza (Firefox au Chrome), itakuletea orodha ya kila tabu na memori inayokula, utashangaa ile ya mpira uliyoiacha tangu asubuhi inakula kuliko kazi za wateja wote. Ua hiyo.

Najua kwanini unaziacha wazi, unaogopa ukifunga hutaipata tena. Ctrl+Shift+T kaka. Inarudisha tabu uliyoifunga mwisho, ukibonyeza tena inarudisha ya kabla yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Mimi siku nimeijua hiyo nilikaa nikahesabu mara ngapi nimewaambia wateja "samahani tuanze upya" nikajionea aibu. Basi funga bila woga. Na zile unazoingia kila siku, mikopo, ajira, vyeti vya kuzaliwa, usiwe unazitafuta Google kila mara, kwenye Firefox ukishaisevu kama alamisho (bookmark) unaipa na neno fupi, mimi ya mikopo nimeipa mk, ya ajira aj, nabonyeza Ctrl+L mshale unaruka kule juu penye anwani, naandika mk, enta, nimeingia. Mteja hajamaliza kuvuta kiti.

Halafu hilo la kutafuta Google lina hatari yake pia, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na wapo wajanja wanatengeneza kurasa zinafanana na za serikali wanamchomoa mtu hela. Ukilazimika kutafuta andika unachotaka, acha nafasi, kisha malizia site:go.tz, yenyewe isiwe na nafasi katikati, hapo inakuletea za serikali tu. Ukitaka fomu yenyewe ya kuprinti ongeza na filetype:pdf. Juzi kaja mzee anatafuta fomu kahangaika steshenari mbili, mimi nimeipata kabla hajakunja mwavuli.

Sasa bando. Unasema GB 10 haimalizi wiki. Weka uBlock Origin, ni nyongeza (extension) ya brauza ya kuzuia matangazo, na usome vizuri hilo neno Origin maana kuna yenye jina linalofanana ambayo sio hiyo. Ni ya bure, jamaa aliyeitengeneza anaitwa Raymond Hill na hataki hata mchango wa mtu. Inazuia matangazo kabla hayajashuka, yaani bando haliliwi kabisa sio kwamba yanafichwa tu, na vile vitufe vya uongo vya "daunlodi hapa" vilivyokuletea virusi mwezi uliopita vingi huvioni tena. Ila weka kwenye Firefox, kwenye Chrome ile yenyewe wameshaifungia imebaki ndogo yake inaitwa Lite, inasaidia lakini sio sawa. Kingine ambacho wengi hawakijui, ingia kwenye settings zake kuna sehemu ya kuzuia media zinazozidi ukubwa fulani, imeandikwa KB 50, weka tiki. Picha kubwa haishuki mpaka uibofye mwenyewe. Kurasa zitaonekana kama zimenyolewa upara lakini siku bando limebaki MB 200 na mteja yupo utanikumbuka. Na kwenye simu ya Android hiyo hiyo Firefox inaikubali, shemeji naye muwekee.

Hili linalofuata sikuwa nimemwambia mtu.

Mwaka juzi msimu wa maombi nilikuwa na mabinti wawili kwa wakati mmoja, huyu namjazia, yule anasubiri namba ya malipo. Nikafungua ukurasa uleule kwenye tabu nyingine nikamuingiza wa pili, bila kujua kwamba brauza inashika akaunti moja tu kwa tovuti moja, ukiingia ya pili ya kwanza imeshatoka kimyakimya. Nikarudi kwenye tabu ya kwanza nikaendelea kujaza. Nilimjazia binti wa watu matokeo ya mwenzie. Na tarehe ya kuzaliwa brauza ilijiandikia yenyewe kutoka kwa mteja wa jana yake. Alirudi baada ya siku tatu na baba yake. Tulirekebisha ikaisha ila yule mzee alivyokuwa ananiangalia bila kuongea, bora angenitukana.

Kwahiyo wewe siku ya kwanza tu ingia settings uzime kusevu paswedi na kujaza fomu kwa otomatiki, ya dukani sio kompyuta ya nyumbani. Mteja mmoja mmoja mfungulie dirisha la siri, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, akimaliza funga. Ila usidanganyike kwamba ukifungua madirisha ya siri mawili kila moja lina akaunti yake, hapana, yanashea, mpaka ufunge yote ndo yanasahau. Wakiwa wawili kwa mpigo tumia nyongeza inaitwa Multi-Account Containers, ni ya Mozilla wenyewe wenye Firefox, kila mteja unampa tabu yenye rangi yake na akaunti hazigusani. Mimi nawaambia kabisa, dada wewe bluu, kaka wewe chungwa, wanacheka lakini sijakosea tena. Jioni futa kuki (vile vifaili tovuti zinaacha kwenye brauza ili zikukumbuke), maana kwenye hizo za rangi akaunti zinabaki wazi mpaka uzifute.

Usijaze nyongeza nyingine, hizo mbili zinatosha, kila moja unayoongeza nayo inakula RAM na nyingine zinasoma kila unachoandika.

Hiyo laki sita kama inakuwasha sana tafuta mashine ya laminesheni, watu wa vyeti hawaishi. Niambie huko wanauzaje karatasi rimu moja, hapa zimepanda tena, na Ijumaa gari ikishuka Moro nitumie debe la viazi, nitampokea konda mwenyewe pale stendi.

Wako,
Musa